Toleo la Sifuri Nukta Tisa

Hakuna aliyeuua mradi ule. Hilo liandikwe kwanza.

Tulikuwa saba jikoni kwa Raivo, mjini Tartu,
theluji imeziba nusu ya dirisha,
tukiapa kuitengenezea lugha yetu changa
maktaba ya kusoma kalenda:
miaka mirefu, saa zinazorudishwa nyuma Oktoba,
sikukuu zinazohamahama kama nyuki.
Liisu alichora nembo kwenye karatasi ya mkate.
Usiku ule tulishona mistari mia nne
na hakuna aliyeuliza nani atafagia.

Mwezi wa pili wageni wakaja,
kila mmoja na hitilafu yake mkononi.
Kwangu haifanyi kazi. Itafanya lini?
Wahenga wangewapa jembe siku ya tatu.
Sisi tuliwapa samahani.

Kisha Kalju akapata mapacha.
Liisu akaajiriwa na benki, mkataba ukamfunga vidole.
Ott alibishana na Raivo siku tisa
juu ya jina la kitendakazi kimoja,
akashinda, akaondoka.
Wawili wengine hata siwakumbuki vizuri.
Walipungua tu, kama sabuni.

Na lugha yenyewe haikukaa ikitungoja.
Kila masika iliota mifupa mipya
na shati letu likapasuka kwapani.
Nikashona, likapasuka, nikashona,
hadi usiku mmoja, saa nane, mama akikohoa chumba cha pili,
nikalitazama tu,
nikafunga kompyuta polepole
kama mtu anayetoka matangani kabla ya chakula.

Ugomvi hatukuwa nao. Daftari pia hatukuwa nalo:
nywila ya seva ilikuwa kichwani mwa Raivo,
na Raivo yuko Hiiumaa, anafuga kondoo.

Watu husema moyo uliisha.
Moyo ulikuwepo. Zilizoisha ni Jumamosi.
Anayejenga hupigiwa vigelegele;
anayeziba panapovuja huulizwa mbona kumelowa.

Jana imeingia barua ya karani wa vivuko, Virtsu.
Ratiba zao zinasomwa na kitu chetu, mwaka wa sita huu,
hakijawahi kukosea,
ila Pasaka ijayo kinaiweka Jumanne.

Nimefungua faili. Mstari wa mia mbili kumi na tatu,
Liisu ameacha neno:
hapa ni pa muda tu, tutarekebisha kesho.

Nimevuta kiti.
Theluji imefika tena nusu ya dirisha.
Nitarekebisha Pasaka, nimejiambia.
Hiyo moja tu.