Kumbukumbu za Kikao cha Jumatatu

Nimeandika kwa Kiarabu, mistari miwili:
ombi la mtandao usio na waya limejadiliwa;
ombi limekataliwa.
Muhuri, tarehe, sahihi ya Mkuu wa Chuo.
Yaliyobaki nayaweka hapa,
kwa lugha aliyonilea nayo mama,
maana kwa lugha hii ndiyo yalisemwa.

Kikao kilianza kwa bei.
Mhasibu alisoma tarakimu kama asomaye majina ya marehemu.
Mwalimu wa fikihi alihofia macho ya vijana,
mhandisi alihofia kuta: mawe ya Ibra mazito,
mawimbi hayapenyi.
Mkuu, Dokta Muhanna, alinyamaza muda mrefu
akizungusha kikombe kisicho na kahawa.
Kisha akasema babu yake alikuwa wakili wa falaji,
akigawa maji mchana kwa kivuli cha kijiti,
usiku kwa nyota,
kila shamba na zamu yake,
wala hakuna mtende uliokufa kwa kungoja.
"Maktabani mna kompyuta kumi na mbili.
Zina waya. Zina zamu."

Ghaniya binti Seif, mwakilishi wa wanafunzi,
mwaka wa tatu, hisabati,
alikuja na hoja saba kwa Kiarabu safi.
Ya pili ilimkwama. Akaikunja karatasi,
likamtoka neno kama limtokavyo mtu aliyejikwaa:
"Jamani, hewa haina wakili!"

Wajumbe wakatazamana.
Kalamu yangu ikasimama.
Na Dokta Muhanna, ambaye miaka kumi na moja
sijamsikia ila kwa Kiarabu cha hotuba,
akajibu kwa Kiswahili cha jikoni kwa bibi yake:
"Mtaka cha mvunguni, mwanangu, sharti ainame."

"Tumeinama, Dokta. Tumeinama mpaka migongo inauma.
Mvunguni tumekuta waya mmoja na watu sitini.
Wavulana wana ukuta wa dobi.
Nenda baada ya isha ukawaone, wamejipanga kama kunguru,
chai ya maziwa mkononi, wanavuta mtandao wa Sajivu,
nywila imeandikwa nyuma ya risiti ya kanzu.
Sisi basi letu saa mbili kasorobo.
Saa mbili geti la dahalia limefungwa.
Babu yako angeyagawa vipi maji hayo?"

Mhasibu akauliza wanazungumza nini.
Hakuna aliyemjibu.

Dokta akavua miwani.
"Nina kijana nyumbani. Tunakula sinia moja.
Mkono wake naujua.
Uso wake, tangu Ramadhani, sijauona;
umeinamia simu.
Ndicho unachotaka nikuletee darasani?"

Hapo hata Ghaniya alinyamaza.
Nilitaka asinyamaze. Nilitaka pia anyamaze.
Kisha, polepole:
"Huyo ana mtandao, hana la kutafuta.
Mimi ninalo."

Kura saba kwa mbili.
Mlangoni Dokta akamuuliza, tena kwa Kiarabu,
dereva wa basi lao ni nani.
"Hamdun."
"Mh," akasema, akaenda zake.

Tangu wiki ile basi la wasichana lina maradhi.
Kila usiku, likifika mbele ya dobi,
Hamdun husikia tairi la nyuma limepungua upepo.
Hushuka, huchuchumaa, huligonga, hulisikiliza,
robo saa nzima,
na madirisha yote yanawaka buluu.
Geti la dahalia, nasikia,
siku hizi hufungwa saa mbili na nusu.

Daftari la safari huja kwangu kila Alhamisi.
Nampelekea Dokta. Anasoma safu ya sababu:
tairi, upepo. Tairi, upepo. Tairi, upepo.
Anatia sahihi.
"Mwambie Hamdun," ananiambia, kwa lugha ya mama yangu,
"asilijaze kupita kiasi."