Daftari la Waliohamia

Kozi yetu kule Arua ilifungwa mwezi wa Machi,
kimya kimya, kama duka la marehemu.
Nikapewa barua ya uhamisho, mihuri mitatu,
na safari ya kushuka hadi Fort Portal,
ambako ukungu huamka kabla ya watu
na milima hujificha kama mdeni.

Mwaka wa tatu, na bado mgeni.
Wenzangu wana vicheko walivyovianza mwaka wa kwanza;
mimi hucheka nimechelewa nusu dakika.
Dirishani kwa msajili wakaniambia:
kozi kumi na moja ulizosoma, tunazitambua saba.
Na nne? Zimebaki ng'ambo ya Naili,
zimekalia kiti changu cha zamani,
zinaningoja nirudi.

Nyuma yangu foleni,
msichana mwenye sweta la rangi ya chai ya maziwa
akauliza, "Empaako yako nani?"
Nikamtajia jina: Drichiru.
"Hilo ni la kuitia mahudhurio. Nataka la kukusalimia."
Sikuwa nalo.
Kwetu salamu ni mkono, na mkono hauna jina.

Yeye ni Kabasinguzi, Abwooli kwa watu.
Alihamia hapa kutoka Mbale mwaka juzi,
mwenyeji wa mji, mgeni wa chuo,
akapoteza kozi tano, akarudia mwaka mzima.
Hakuniambia, "Utazoea."
Hakuniambia, "Mungu ana mpango."
Aliniuliza kama nimekula,
akanishikia nafasi,
nikaenda kununua rolex mbili
na moja na nusu nikazila mwenyewe.

Kiswahili chetu kilikuwa cha viraka:
changu cha sokoni, chake cha kambi ya jeshi alikokulia.
Ngeli ziligongana kama bodaboda njia panda,
lakini hakuna aliyeumia.

Alhamisi, nyuma ya maktaba, wako watano.
Wana daftari la kurasa tisini na sita,
jalada lake limeshikwa kwa plasta ya kidonda.
Kila aliyehama huandika humo
jambo ambalo angependa kuambiwa.

*Peleka nakala ya stakabadhi. Ile halisi usiiachie,
hata mhasibu akitabasamu.*

*Chumba namba tisa hakiko karibu na namba nane.
Usiulize.*

*Tafuta mtaala wa chuo ulikotoka, kozi kwa kozi.
Bila huo utalia bure.*

*Jumapili ndiyo mbaya. Usikae peke yako.*

Hilo la mwisho halina jina.
Wino umekolea kwenye nukta,
kana kwamba kalamu ilisimama pale
muda mrefu, ikifikiri kuongeza neno.

Usiku ule nilimpigia mwalimu wangu wa zamani.
Akaukuta mtaala ndani ya boksi la sabuni,
akaupiga picha ukurasa baada ya ukurasa,
kidole gumba chake kikionekana kila pembe.
Nikarudi dirishani, Abwooli ubavuni.
Kozi mbili zikafufuka.
Mbili zilizikwa. Nitazisoma upya,
na sijaacha kukasirika.

Jumapili wakabishana wanipe empaako ipi.
Akiiki? Nikakataa, sijui kwa nini.
Adyeri? Nikaitika kabla sijafikiri,
na sufuria ya viazi ikatushuhudia.

Sasa daftari liko kwangu.
Jumatatu anakuja mmoja kutoka Soroti,
anaitwa Asekenye. Najua jina na basi, basi.
Nimefungua ukurasa mweupe,
nimeandika *Utazo*, nikakata.
Nimeandika habari za milima, nikakata;
milima ataiona yenyewe ikitaka.

Nimebakiza hili:

*Fika dirishani kabla ya saa mbili asubuhi.
Nitakuwa mbele yako kwenye foleni,
sweta la kijani, mgongo umekuelekea.
Niguse bega.
Njoo na njaa.*