Jicho la Nyuma

Miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa moja:
kukaa nyuma ya Verlyn, kugeuza shingo,
kuitazama trela.

Aliiunda mwenyewe bandani
mwaka ule theluji ilipotulia ndama kumi na wanne,
kwa bati la friji ya marehemu mama yake
na ekseli ya kigari cha kuvutia mashua.
Rangi nyekundu ya pikipiki haikutosha.
Ubavu wa kushoto ni kijani cha trekta mpaka leo.

Kwa nini itazamwe?
Pikipiki hukanyaga mstari mmoja.
Trela hukanyaga miwili.
Shimo ulilolikwepa wewe ukashukuru,
yeye anakuja nyuma, analivaa.

Basi tulikuwa na lugha yetu, maana upepo hauna adabu,
hula maneno yakiwa bado mdomoni:
pigo moja begani, shwari;
mapigo mawili, inayumba;
matatu, haja ndogo, na haraka.

Mwaka huu daktari wa Broken Bow
aliupa mkono wake wa kulia jina refu.
Ndio mkono wa mafuta, ndio mkono wa breki.
Verlyn hakusema kitu.
Aliweka ufunguo kando ya kikombe changu cha kahawa
akatoka kwenda kutia grisi kwenye beringi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nilidhani najua uzito wa trela ile
kwa kuwa nimeitazama sana.

Uwanja wa ghala la mahindi, Jumapili, hakuna mtu.
"Ardis, sufuria na hema mbele ya ekseli,
mablanketi nyuma.
Minyororo ikatizane chini ya shingo.
Breki, ianze kabla hujaihitaji.
Na hii haina rivasi,
kwa hiyo usiingie mahali hujaona pa kutokea."
Niliingia. Tukaifungua, tukaisukuma kwa mikono,
miaka yetu mia na thelathini na saba tukiijumlisha,
tukicheka kama wezi.

Juni tukaondoka.
Barabara ya Pili, vilima vya mchanga vilivyovaa nyasi,
treni ya makaa ya mawe ubavuni, haina kichwa wala mkia.
Na kiganja chake begani mwangu kikigonga,
kikigonga,
hamsini, mia, sikuweza kuhesabu.
Lipi ni habari, lipi ni ugonjwa?
Kioo cha kushoto kilinionyesha kiwiko changu.
Cha kulia, sikio lake.

Tulipoipita Thedford likaja lori la ng'ombe,
likatupita na kishindo na harufu na upepo wake wote,
na mkono ukatulia.

Kimya. Kama mkono wa kijana
aliyenishika kiuno kwenye dansi la zimamoto, Dunning.
Usukani ulikuwa bado haujaniambia lolote.
Lakini mkono ulikuwa umetulia, nami nikajua.

Sikugusa breki. Sikupinda.
Nililegeza mafuta taratibu, kama mtu anayeachia uzi,
nikalibana tangi kwa magoti.
Mkia ukapiga kulia. Ukapiga kushoto.
Wa tatu ulikuwa mdogo.
Wa nne sina hakika kama ulikuwepo.

Kisha mkono ukaanza tena kutetemeka,
na mimi, Mungu anisamehe,
nikaufurahia.

Mullen, kituo cha mafuta.
Verlyn alichuchumaa kwa shida, akagusa kitovu cha gurudumu.
"Vuguvugu," akasema, kama anayepima maziwa ya mtoto.
Kijana wa pampu akauliza tumebeba nini humo.
"Hema," akasema. "Na humo ni friji ya mama."
Kijana akaendelea kupampu.

Sikumweleza kuhusu lori. Labda alijua.
Nilivaa helmeti, nikasubiri apande,
apate pa kushika.
Mapigo matatu.

Hayo niliyaelewa.
Nikazima mota.