Fungu na Fundo

Kadhi aliigawa nyumba ya Langoni kwa kalamu ya bluu:
Famau mafungu mawili, Bwanaadi mafungu mawili,
mimi moja.
Nikatia sahihi. Sikuwa na neno; sheria naijua,
na ngazi za nyumba ile zimeliwa na chumvi,
azitakaye na azipande.

Lakini palikuwa na mgawo uliotangulia huu,
kabla hatujapewa majina,
uliopitishwa gizani bila karani wala shahidi.

Baba alishona kofia. Miaka arubaini barazani,
miwani puani, sindano mkononi,
matundu madogo kama punje za ufuta.
Watu wakimjia kutoka Shela na Matondoni,
hakuna aliyejua kuwa Athman Lali, fundi wa kutajwa,
hakuitambua pilipili mbichi na iliyoiva.

Mama ndiye aliyejua.
Kila jioni alizifunga ncha za nyuzi:
fundo moja, nyekundu;
mafundo mawili, kijani.
Wa hudhurungi aliuficha kidakani
usije ukamchongea.
Baba akapapasa, akashona, akasifiwa.

Mama alipofariki, kofia moja ya arusi
ilitoka na majani mekundu na maua ya kijani.
Bwana arusi akadhani ni mtindo mpya.
Wiki ile baba alipokea maagizo sita.

Mimi kazi yangu maabara, hospitalini.
Nimesoma, najua mtu ni nyuzi arubaini na sita
zilizokunjwa ndani ya chembe isiyoonekana kwa mato,
ishirini na tatu za huyu, ishirini na tatu za yule,
na pale hapana mawili kwa moja.
Ila katika uzi mmoja mna siri:
baba humpa mwana wa kiume ule mfupi,
binti humpa ule mrefu,
ule ule aliopewa yeye na mamake.
Na upofu wa rangi hukaa katika mrefu.

Kwa hiyo Famau hakupata. Bwanaadi hakupata.
Wanauona wekundu wa bendera, ukijani wa mikoko,
kwa uzi waliopewa na mama.
Fungu lile nililipata mimi, zima, halikukatwa,
na sikulijua,
kwani uzi wa mama ulikuwa salama
ukaufunika wa baba,
kama alivyomfunika siku zote.

Jumanne Shekuwe alirudi na daftari.
Ana miaka sita. Alikuwa amemchora punda wa jirani
anakula majani mekundu.
Mwalimu ameandika chini: *Kuwa makini.*
Nikamuuliza, "Haya ni nini, mwanangu?"
"Ni majani," akasema,
kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.

Ilikuwa nusu kwa nusu, kama kurusha kauri.
Angeweza kuupata uzi wa bibi yake.
Wamesema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina:
wangu alikitazama kisogo changu
akamwona babu.

Nilikwenda Langoni kumwomba Famau kisanduku cha nyuzi.
"Takataka hizo?" akasema. "Chukua.
Hazimo kwenye hesabu."

Sikumjibu. Nilipofika nyumbani nikakifungua.
Vumbi, harufu ya karafuu kuukuu,
na mafundo ya mama bado yamekaza,
madogo, magumu, kama punje za mtama.
Mkono wangu uliyajua kabla yangu.

"Ndoo," nikamwita Shekuwe, "ndoo nikufunze kusoma."
Akakaa pajani, vidole vikitafuta ncha gizani,
maana stima ilikuwa imekatika.
Moja, akasema. Mbili.
Akacheka, meno ya mbele hana.

Nimezifunga kalamu zake za rangi, kila moja uzi wake.
Ya hudhurungi niliirudisha sandukuni,
kama mama.

Kisha nikaitoa.
Nimeifunga mafundo matatu.
Atajua mwenyewe.