Mstari Ambao Mashine Haiusomi

Ofisi ya ushirika wa Konde ina kompyuta mbili
na zilikuwa hazisemezani.

Ya Bi Mize ni Windows, ya tangu mavuno yale makubwa,
na programu ya mizani iliyoandikwa na kijana wa Wete
aliyehamia Maskati pamoja na nywila yake.
Ya Mbarouk nimeitia Linux mimi,
maana virusi vilikula hesabu za mwaka mzima
na leseni, tuseme kweli, hatukuwa nayo.
Kati yao hatua saba, na fleshi moja
iliyofungwa kipande cha ukili,
inayokwenda na kurudi mfukoni mwa Faki,
hata siku ile iliyofuliwa pamoja na kanzu.

Nikavuta waya juu ya magunia ya karafuu.
Nikaweka Samba.
Bi Mize akauliza ni ngoma gani hiyo.
Si ngoma, bibi. Ni sambaza iliyokatwa mkia.
Ni mlango wa uani: utabisha kwa lugha yako,
utaitikiwa kwa lugha yako,
wala hutajua kama mwenye nyumba ni mgeni.

Haikuitika.

Siku tatu. Huyu njia zake anazitenga kwa mkwaju ulioinamia huku,
yule ulioinamia kule.
Kwa Bi Mize, Karafuu na karafuu ni mtu mmoja;
kwa Mbarouk ni majirani wasiozikana.
Na saa zao zilipishana saa tatu kamili,
mmoja yuko Konde, mwengine kumbe yuko Greenwich.

Ya nne ikaitika. Ya tano,
mashine ya Bi Mize ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza.
Diski ilisalimika. Programu ya mizani ikabaki yatima.

Ipo njia, nikasema, ya kuiendesha ndani ya Linux.
Hainunuliwi. Yeyote anaruhusiwa kuifungua atazame utumbo wake.
Inaitwaje?
Nikakohoa. Inaitwa Wine.
Maana yake?
Mbarouk aliinamia daftari, mabega yanamtikisika.
Maana yake, Bi Mize, programu yako haitajua kama imehama.
Akafikiri. Basi iite Haijahama.

Ipo hadi leo, chini ya skrini, kushoto: Haijahama.

Jumatatu gunia la kwanza likapanda mizani,
la Bi Tatu wa Msuka. Arubaini na moja, nukta tatu.
Hatua saba mbele, Mbarouk akasoma
arubaini na moja, nukta tatu.
Hakuna aliyepiga makofi.
Faki alinyoosha mkono kudai fleshi,
akaurudisha mwenyewe.

Usiku nikafungua faili la mipangilio.
Mstari ukianza na alama ya reli, mashine huuruka.
Humo nikamwachia fundi ajaye:

# Majina ya folda, herufi ndogo tupu.
# Ukikwama, tazama saa kwanza.
# Panya wanaupenda waya wa dirishani.
# Nywila ya zamani iko Maskati.
# Mpya anayo Bi Mize. Mwombe kwa adabu.