Besi ya Kuazima

Shemeji yangu Thaddeus ana orodha.
Kaiandika nyuma ya risiti ya duka la rangi,
na Siku hii ya Shukrani, bata mzinga hajakatwa,
anaisoma kama matokeo ya mtihani:
Chicago kwa tarumbeta, Philadelphia kwa nyuzi,
Cleveland kwa usafi, Boston kwa ukumbi.
Kisha ananigeukia: "Wewe umepiga kote. Sema."

Nimepiga kote, ndiyo, kwa kuazimwa.
Mtu akivunjika kidole, mimi huitwa.
Besi yangu hulala chali nyuma ya gari
kama mgonjwa aliyekataa kufunga mkanda,
nami huendesha usiku, theluji ikinifutia barabara.

Niseme nini?
Kwamba Pittsburgh jirani yangu wa stendi
alinifungulia ukurasa kabla sijaomba,
na kwenye mji mwingine, wenye sifa kuuzidi huo,
siku nne hakuna aliyeniuliza jina?
Kwamba Detroit, tulipotulia kabla ya pigo la kwanza,
nilisikia saa ya mkononi ya mtu wa safu ya tatu?
Ukimya ule, Thaddeus, utaupa alama ngapi?

Mgema akisifiwa... unajua mwenyewe yanayofuata.
Nimelionja tembo lile la maji katika kumbi za dhahabu:
kila noti mahali pake,
na hapana mtu ndani yake.

Basi ngoja nikuvurugie orodha.
Erie, Februari. Boila ya ukumbi imekufa.
Tumekaa na makoti, glavu tumezikata vidole.
Mpiga zumari, Henrietta Szabo,
mchana mwalimu wa hesabu,
anatoa ile sauti moja ambayo sote huifuata kukaza nyuzi,
na baridi inaivuta chini
kiasi cha nusu unywele.
Tungeweza kungoja airekebishe.
Hatukungoja. Tulilegeza, mmoja mmoja,
watu arobaini na wawili,
tukashuka hadi tukamkuta alipo.

Baadaye tulikosea sana, sikufichi.
Pembe zilipotea njia katika sehemu ya pili,
na mwongozaji alipiga chafya palipoandikwa kimya.

Thaddeus ameshika kalamu.
"Kwa hiyo Erie niiweke namba ngapi?"
Namwomba anisogezee mchuzi.
Chini ya meza napapasa sugu ya kidole cha kati,
pale waya mnene unapokaa.
Jumatatu naitwa Buffalo.
Sijui nani kaumia.