Gamba, Ukurasa wa Tisa

Kitabu kimerudi kikinuka Mwaloni.
Nimekifungua: ukurasa wa tisa,
kati ya sungura na shamba la karanga,
gamba la sangara, kavu, jembamba,
liking'aa kama ukucha wa kichanga.

Kanuni ziko ukutani, nimezibandika mwenyewe.
Anayechafua alipe.
Nami kwenye dawati hili nina mvua kumi na moja,
napiga mihuri, nasema "shii"
hata kwa feni.

Jumamosi wakaja, mama na bintiye.
Mama kasimama mlangoni, ndoo kaiacha nje,
anajifuta mikono kwenye kitenge, mbele, nyuma, tena mbele,
kama aliyeingia kwenye msiba
asijue wafiwa ni nani.
"Ni huyu Kwandu," akasema. "Ana miaka minne.
Halali bila kukikumbatia. Nimekuja na elfu mbili.
Ikipungua nitaleta dagaa."

Kabla sijajibu Kwandu alishapita.
Alishakaa sakafuni, miguu kaitanua,
kitabu mapajani, juu chini,
sungura kichwa ardhini, miguu hewani,
na anasoma.

Anasoma kwa sauti ya sokoni!
"Sungura akasema, mama, leo mwezi mkubwa,
dagaa hawatoki, tunywe uji tulale."
Akafunua.
"Sungura akalia. Kidogo tu."
Akafunua.
"Halafu mwezi ukaisha, kukawa giza zuri,
taa zikaenda ziwani, zikarudi.
Moja, mbili, tano, zote."

Neno hata moja la hayo halimo.
Kitabu nakijua: sungura anaiba karanga, anakamatwa, basi.
Nikainuka nimsahihishe,
mkono ulishafika kwenye jalada, nikigeuze,
ndipo nikakiona kidole chake.
Kinatoka kushoto, kinakwenda kulia,
kikifika ukingoni kinarudi, kinashuka mstari,
kama jembe linalojua tuta linapoishia.

Mkono wangu ukabaki hewani.
Nikajikuna sikio.

"Anajua kusoma?" mama akauliza,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei
ya kitu ambacho ameshaamua hawezi kukinunua.
"Anaanza. Hivi ndivyo wanavyoanza."
"Mimi sijui."
Sikumwambia kwamba nilikwisha kuliona dole gumba lake kwenye fomu,
la wino wa zambarau, limekwenda upande.
Nikamuuliza: "Hiki kisa cha mwezi, nani kamsimulia?"
Akacheka, akafunika meno kwa kiganja.
"Usiku wa mbalamwezi hatuna kazi. Tunaongea."

Nikamvutia kiti. Kilichokuwepo ni kile chekundu, cha watoto.
Akakaa, magoti yakakaribia kidevu.

Dirisha letu linatazama mawe.
Kwandu kainua kichwa kutoka kwa sungura:
"Ile ni *i*."
"Ipi?"
"Ile!"
Jiwe refu, limesimama wima upande wa mlimani,
na juu yake jiwe dogo, la mviringo,
ambalo babu zetu walilikuta halijaanguka
nasi tutaliacha halijaanguka.
Miaka hamsini na miwili naishi chini ya jiwe lile,
nimelijengea ukuta, nimelianikia nguo,
nimepita na jeneza la baba yangu kwenye kivuli chake.
Sikuwahi kulisoma.

"*I*," mama akasema.
Polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
Akalitazama tena jiwe.
"*I*."

Nje paka wawili walishaigundua ndoo.
Hakuna aliyeinuka.

Faini sikuiandika. Muhuri nimepiga, wiki mbili zaidi,
na gamba nimelirudisha ukurasa wa tisa.
Atakayeazima baadaye akiniuliza uchafu huu ni wa nini
nitamwambia asilitoe:
kuna mtu amefikia hapo.